Chujio Lilipobaki Mkononi

Uvumi wenyewe ulianzia kwenye cherehani. Fundi anayeshonea nusu ya mtaa alimwambia mama yake Kitinda, pini zikiwa bado mdomoni, kwamba dada wa Miwani, yule kijana anayemchumbia Kitinda, ameleta kitambaa kizuri cha suti ya mdogo wake, na kwamba kijana ameitwa kazini nchi ya mbali, kwa hiyo hapa hana siku nyingi. Fundi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anapima kiuno, na mdomo wake haujazoea kukaa bure. Lakini mama aliondoka pale bila hata kuulizia gauni alilolifuata. Kesho yake asubuhi Kitinda alimkuta jikoni, mkoba begani kama msafiri, chai imepoa mbele yake.

Kitinda alicheka alipoambiwa. Alisema Miwani hawezi kununua hata kandambili bila kumwomba ushauri, atahamaje nchi kimyakimya? Mama hakucheka. Alisema wanaume wanaoondoka hawapigi tarumbeta. Akarudia yale aliyoyasema tangu siku ya kwanza: kwamba kijana ni mpole mno, anashinda amekodolea kompyuta, na mtu aliyezoea kutazama mambo kwenye kioo ipo siku atakutazama na wewe hivyohivyo, kwa mbali. Na mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho, wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wakutane sebuleni hapo kuzungumzia ndoa. Mjomba alishaambiwa. Viti vya kuazima vilishaombwa.

"Chunguza, mwanangu," mama alisema. "Sitaki uachwe kwenye mataa watu wanatuangalia."

Kitinda alimwambia asijali, akatoka. Lakini uvumi ni kama harufu ya kitunguu saumu kwenye vidole. Unanawa, unanawa tena kwa sabuni, ukipeleka mkono puani bado ipo. Alipofika kazini na kuvaa koti lake jeupe, alikuwa nayo.

Jina la Kitinda lilikuwa la nyumbani, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kwa mama yake. Maabara walilidaka siku mama alipopiga simu na sauti ikasikika chumba kizima. Miwani naye aliitwa hivyo kwa sababu anayoiona kila mtu. Kazi zao zilishikana kama mkono na glovu. Kitinda alifuga bakteria kwenye chupa zenye mchuzi wa chakula chao, na Miwani alisoma kwenye kompyuta yale ambayo mashine ilikuta ndani ya bakteria hao.

Nikueleze vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Bakteria ni mdogo, lakini ndani yake kuna kiwanda. Kuna vifundi viitwavyo ribosomu, vinatembea juu ya uzi wa maagizo na kuunda protini. Wakati mwingine vinakimbia, wakati mwingine vinakwama, na bakteria ndiye anayeamua kipi kiundwe kwa wingi na kipi kingoje. Kitinda alitaka kujua dawa fulani ikiwaingia bakteria inavigeuzaje vifundi hivyo. Njia ni kuvigandisha hapohapo vilipo. Kisha uzi wote usiofunikwa unakatwa na kutupwa, vinabaki vipande vidogo vilivyokaliwa na vifundi, na mashine inavisoma kimoja kimoja. Ni kama kuingia darasani ghafla ukakuta kila mtoto ameweka kidole kwenye neno analolisoma. Unajua nani kafika wapi.

Lakini lazima uingie ghafla. Watoto wakisikia viatu vya mwalimu, vidole vinahama. Bakteria nao ni hivyo. Unawamimina kwenye chujio, pampu inavuta maji chini, wao wanabaki juu kama utando wa uji. Hapo unawakwangua na kuwatumbukiza kwenye naitrojeni ya baridi kali inayofuka moshi, bila hata kupiga chafya. Wakikaa juu ya chujio, chakula kimeisha na baridi inawapiga, wanaanza kujipanga kwa njaa. Ukiwagandisha wakati huo, hutasoma maisha yao. Utasoma ulivyowatesa wewe.

Asubuhi ile zilikuwa chupa mbili, moja haina dawa na moja ina dawa. Ya kwanza alichuja, akakwangua, akagandisha, mkono wake hata haukufikiri. Ya pili alichuja vizuri. Akalishika chujio kwa koleo, akainua macho.

Mlango wa maabara ulikuwa na kioo. Ng'ambo ya kioo, kwenye ukumbi, alimwona Miwani amesimama na mgeni mwenye begi la magurudumu, mtu wa taasisi moja ya nchi ya mbali ambaye Profesa, mkuu wa maabara, alimtembeza jana yake. Walikuwa wanapeana mikono. Mgeni akamshika Miwani bega. Wote wawili wakacheka.

Kitinda alisikia pampu ikinguruma chini ya meza na moyo wake ukinguruma zaidi. Hivi ndivyo mtu anavyoondoka, aliwaza. Kwa kicheko. Akamtazama mgeni akivuta begi lake mpaka likapotea kwenye kona, akamtazama Miwani akifuta kioo cha miwani kwa ncha ya shati, kama afanyavyo akimaliza jambo zito. Aliposhtuka, chujio lilikuwa bado mkononi na utando umeanza kukauka pembeni.

Angeweza kulitupa. Chupa ingefugwa upya, na hasara ingekuwa asubuhi moja. Lakini kulitupa kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka amtaje Miwani, na kumtaja Miwani asubuhi ile lilikuwa jambo ambalo hakuliweza. Akakwangua haraka, akatumbukiza. Moshi ukapanda, ukatulia. Hakuna aliyeona.

Wala hakumuuliza Miwani kitu. Hili ndilo linaloniumiza zaidi kila nikilifikiria. Wiki zote zile wakati vipande vinatayarishwa na kupelekwa kwenye mashine, walikula pamoja mchana, alimrekebishia kola, na hakuuliza. Alichunguza, kama mama alivyosema. Alihesabu kila kitu kuwa ushahidi. Miwani akinyamaza, anaficha. Miwani akicheka, anamzuga. Jioni moja, wakisubiri mvua ipungue mlangoni, Miwani alimshika kidole kidogo akasema kuna jambo atamsimulia siku wakubwa wakishakutana, litamchekesha sana. Kitinda alikitoa kidole chake, akasema mvua imepungua. Haikuwa imepungua. Alilowa mpaka nyumbani.

Kisha majibu yakaja, na Profesa, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alipiga makofi. Chupa ya pili ilikuwa tofauti kabisa na ya kwanza. Vifundi vilikuwa vimekwama vikundi vikundi, protini nyingi zimesimama katikati ya kuundwa. Profesa alisema hakuna aliyewahi kuona dawa ile ikifanya hivyo. Alisema wataandika, watatuma kwenye jarida la mtandaoni Ijumaa hii hii, na jina la Kitinda litatangulia.

Mama alipoambiwa kwa simu alilia. Mpaka jioni mtaa mzima ulijua kwamba bintiye amegundua dawa, na ilipofika kwa fundi cherehani ilikuwa tayari inaponya magonjwa ambayo Kitinda hajawahi kuyasoma. Mama alibadilika hata kuhusu Miwani. Sasa alisema kijana ndiye aombe asikataliwe.

Miwani hakupiga makofi. Siku ya pili mchana alimwita Kitinda kwenye chumba cha mafriji makubwa, mahali ambapo watu wa maabara huenda kulia au kugombana, kwa sababu mngurumo unafunika sauti. Alifunga mlango taratibu.

"Chupa ya pili," alisema. "Ulipomaliza kuchuja. Kuna kitu kilitokea?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

"Hakuna."

Alivua miwani, akaifuta. Bila miwani macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeamshwa. Alimweleza polepole kwamba vifundi havikukwama ovyo, vimekwama kila penye kuhitaji tofali moja tu la kujengea protini, liitwalo serini, ambalo huwaishia kwanza bakteria wakikosa chakula. Alisema mchoro wa namna hiyo alishauona mara moja, siku umeme ulipoyumba na pampu ikavuta kwa kusuasua. Akamuuliza kama umeme uliyumba. Kitinda akasema haukuyumba. Akamuuliza kama chujio liliziba. Halikuziba. Kama kuna mtu alimwita, kama koleo lilianguka, kama naitrojeni ilikuwa imepungua. Alikuwa anamfungulia milango, mmoja baada ya mwingine, apite popote atakapo. Kitinda aliifunga yote.

"Sema tu," Kitinda alisema mwishowe. "Kazi yangu mbovu."

"Sijasema hivyo. Nasema bakteria wale walikuwa na njaa."

"Unanibomoa ili uondoke vizuri."

"Niondoke niende wapi?"

Na hapo yale yote aliyoyafungia mwezi mzima yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Usinifanye mtoto. Mtaa mzima unajua. Suti inashonwa. Fundi kasema. Na mimi mwenyewe nimekuona kwa macho yangu, wewe na yule mgeni, mnapeana mikono, mnacheka, na mimi nimesimama pale na chujio mkononi kama mjinga..."

Friji moja lilizima, chumba kikawa kimya kuliko kawaida, kisha likawaka tena.

"Kwa hiyo ulisimama," Miwani alisema.

Kitinda alitazama sakafu.

"Ule mkono," Miwani aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "nilikuwa namwambia hapana. Alinibembeleza siku nzima. Nikamwambia nina mtu hapa, na mtu wangu ana kazi yake hapa, siwezi. Akaniambia nimsalimie huyo mtu, maana amemshinda. Ndicho tulichokuwa tunacheka. Ndicho nilichotaka kukusimulia."

"Na suti?"

"Ya kuja kwenu."

Kuna wakati mtu akisikia habari njema inamkata kuliko mbaya. Kitinda alitaka kumkumbatia, na angemkumbatia, mambo yangekuwa mengine. Lakini woga ulimwahi. Aliwaona mama, mjomba, viti vya kuazima, fundi na pini zake mdomoni. Alimshika Miwani mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba anyamaze mpaka Jumamosi ipite. Wakubwa wakutane kwanza. Jumatatu atamwambia Profesa kila kitu.

"Profesa anatuma Ijumaa," Miwani alisema.

"Itatumwa, halafu itarudishwa. Kwani kazi hazirudishwi?"

"Kuna mtu ataisoma kabla haijarudishwa. Atamwambia mgonjwa wake dawa hii inafanya kitu, na sisi hatujui kama inafanya."

"Kama unanipenda utanyamaza."

Miwani alimtazama. Kitinda alizoea kutazamwa na macho yale kwa upole, na hata sasa upole ulikuwemo, lakini ulikuwa umerudi nyuma, kama mtu aliyesogea ndani ya nyumba yake ili afunge mlango.

"Sitakusemea," alisema. "Neno ni lako. Lakini sitakaa sebuleni kwenu mama yako ananipa chai, anakusifu kwa jambo hili, mimi natazama chini. Hapo siwezi kuanzia, Kitinda. Nikianzia hapo nitaishi hapo."

"Basi usije."

Alilisema kwa hasira, na hasira ikaisha palepale, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Miwani alivaa miwani yake, akafungua mlango. Aliushikilia kwanza ili Kitinda apite, kwa mazoea. Kitinda hakupita. Akauachia.

Ijumaa Kitinda alisimama nje ya ofisi ya Profesa, akasikia kicheko chake ndani akiongea na simu, akageuka. Kazi ikatumwa.

Jumamosi viti vilipangwa. Mjomba alifika mapema na kofia yake ya heshima, akauliza wageni wanakuja saa ngapi, akauliza tena. Mama alikuwa na gauni lile la fundi, limekaa vizuri. Simu ilipolia alipokea kwa sauti ya bashasha, na Kitinda, akiwa amesimama jikoni na sinia la vikombe, alisikia bashasha ile ikipungua neno kwa neno. Alikuwa dada yake Miwani. Alisema kwa adabu kwamba mdogo wake ameomba radhi, hawataweza kufika, na kwamba sababu Kitinda anaijua. Mama aliweka simu juu ya meza kama kitu cha udongo. Hakupiga kelele. Alianza kukusanya vikombe vitupu kutoka mbele ya watu ambao hawakuja, na mjomba akavua kofia.

Jumatatu, kabla hata hajavaa koti, Kitinda aliingia kwa Profesa. Alisema yote, chujio, kioo, mkono, na alipofika kwa Miwani sauti ilikatika akaianza upya. Profesa alisikiliza akiwa ameshika kalamu. Alisema chujio likichelewa linatupwa, hilo ndilo jambo la kwanza alilomfundisha, na kila mtu maabara hii ameshatupa chujio. "Chujio si neno," alisema. "Kinachoniuma ni kwamba uliniona ninafurahi, ukaniacha nifurahi." Akaandika palepale kuirudisha kazi. Kisha akamwambia akafuge chupa mbili mpya, na asimamiwe na mtu.

Alizifuga. Akachuja, akakwangua, akagandisha, bila kuinua macho. Majibu yaliporudi, michoro miwili ililaliana kama mtu na kivuli chake. Dawa haikufanya lolote. Kitinda aliitazama akasikia kitu ambacho hakukitarajia, wepesi, kama aliyetua ndoo. Akaichapisha, akakimbia nayo kwenye meza ya Miwani.

Meza ilikuwa imefutwa. Miwani alikuwa ukumbini, anaagana na watu, amevaa suti. Ilimkaa vizuri sana. Fundi yule anajua kazi yake, Mungu amsamehe.

Aliipokea karatasi, akaisoma mpaka chini, akatabasamu kweli, kwa furaha ya kweli. Alimwambia sasa hii ni kazi safi. Kitinda akasema ameshamwambia Profesa, amemwambia kila kitu. Miwani akasema anajua, na amefurahi. Kisha akasema alimpigia yule mgeni Jumamosi ile, wakati ule ule ambao wangekuwa wanavua viatu mlangoni kwa kina Kitinda.

"Nilikusubiri Ijumaa," alisema. "Nilikaa pale kwenye ngazi mpaka ofisi ilipofungwa. Nilikuona umesimama mlangoni kwake. Nikakuona unageuka."

"Mpigie umwambie hapana. Ulishamwambia mara moja."

"Mara ile nilikuwa na sababu ya kumwambia."

Watu walikuwa wanapita. Mmoja alimpiga Miwani bega, akamtania kwamba huko aendako baridi itamgandisha kabla ya bakteria wake. Miwani alicheka kidogo. Halafu akamgeukia Kitinda, akanyoosha mkono.

Kitinda aliutazama. Katika watu wote wa jengo lile, ni yeye peke yake aliyejua mkono ule unasema nini. Aliupokea. Ulikuwa wa moto, na Miwani hakuuachia haraka, lakini aliuachia.

Nyumbani mama alikuwa jikoni, kiti kile kile. Habari zilikuwa zimemfikia kwa njia zake.

"Nilikwambia," alisema, akamsogezea chai. "Nilikwambia anaondoka. Fundi hakusema uongo."

Kitinda alifungua mdomo amweleze kwamba siku fundi aliposema, ulikuwa uongo. Badala yake akanywa chai.

Wewe binti unayesoma, na wewe mama yake, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiende kazini na uvumi ambao hujamuuliza mwenyewe.

Usimchunguze mtu unayeweza kumuuliza.

Ukiona watu wanapeana mikono, usijiamulie walichokubaliana.

Kitu kikiharibika mkononi mwako, kitupe mbele ya watu. Usikigandishe.

Usiseme "hakuna" kwa mtu ambaye kazi yake ni kuona.

Usimwambie mtu "kama unanipenda utanyamaza."

Usisimame mlangoni ukageuka.

Mama, usimpe mwanao neno la cherehani akiwa anatoka asubuhi. Na likishamharibikia, usimwambie "nilikwambia." Mpe chai tu.